Fundi Novatus Anazikwa Same

Mchungaji, wazee wa Vudee mlioteremka leo asubuhi, majirani wa Same, na ninyi mafundi mliokuja moja kwa moja kutoka kazini, saruji ikiwa bado viatuni, anayesimama mbele yenu kwa niaba ya familia ni Rodrick Kajiru, mdogo wa mama mjane, na yatakayosomwa hapa ni maisha ya shemeji yake, kama dada mwenyewe alivyoyasimulia juzi akiwa ameketi mkekani, akisema hili liandikwe na lile liachwe.

Marehemu Novatus Yona Bitaliho alizaliwa tarehe 12 Machi 1957, katika kambi ya wakata mkonge kwenye tambarare ya Same, akiwa mtoto pekee wa Yona Bitaliho, mtu wa Kasulu aliyekuja kama manamba, kibarua wa mkataba, na Stumai binti Hamisi, ambaye wazazi wake walitokea Handeni. Baba yake alifariki mwaka 1968, akazikwa nyuma ya kambi bila alama yoyote, na kambi ilipohamishwa mkonge ukapandwa hadi pale, hata Novatus alipokuwa mtu mzima na kurudi kutafuta, hakuona kaburi wala mtu wa kumwonyesha.

Alisoma shule ya msingi hapo kambini kuanzia mwaka 1965, akamaliza darasa la saba mwaka 1971, na mwaka uliofuata akapokelewa mjini Same na mwashi aliyeitwa Salehe, ambaye alimfundisha kazi, akamlaza nyumbani kwake, na mama yake Stumai alipofariki mwaka 1979, ndiye aliyekaa naye matangani kama mzazi. Kuanzia hapo Fundi Nova alijenga matangi ya maji, madarasa na nyumba za watu, kutoka Jipe hadi Kihurio, na kila alipomaliza ukuta aliugonga kwa kiganja na kuuambia, "Haya, kaa," kama mtu anayemkaribisha mgeni.

Mwaka 1983 alipanda Vudee kujenga tangi la zahanati, na miongoni mwa wasichana waliokuwa wakichota maji ya zege alikuwemo Rahabu, binti wa Mzee Sifael Kajiru, ambaye siku ya pili alimwambia fundi mbele ya watu kwamba ukuta wake umepinda. Ukuta haukuwa umepinda, lakini fundi aliteremka jukwaani, akachukua timazi, akaupima upya kuanzia pembe hadi pembe huku wasichana wakicheka, na dada anasema kwamba jioni ile aliporudi nyumbani alikuwa ameshaamua.

Fundi alipopeleka posa, Mzee Sifael alikataa, naye hakukataa kwa chuki, ila kwa hofu ya mzazi, akasema, "Mtu asiyejua kaburi la babu yake liko wapi, binti yangu atazikwa wapi?" Salehe alipanda mlima kwa miguu kuja kumsemea, akaeleza kwamba hana damu na kijana huyu lakini wamekula sufuria moja miaka yote, akapewa chakula na heshima zote, akarudishwa na jibu lilelile. Mambo yakakaa hivyo zaidi ya mwaka, Rahabu akikataa wachumba wengine, mpaka mama yetu, Bibi Agatha, alipomwambia mzee kwa Chasu, yaani Kipare chetu, wakiwa wanapukuchua mahindi, "Na sisi wazee wetu walitoka Taita. Kule Taita umekwenda kufagia kaburi la nani?" Mzee aliendelea kupukuchua, na Jumapili iliyofuata akatuma mtu aende Same kumwita fundi.

Walifunga ndoa tarehe 14 Desemba 1985 katika kanisa la Kilutheri Vudee, Salehe akikaa kiti cha baba wa bwana harusi, na Mungu akawajalia watoto watatu, Anderson mwaka 1986, Careen mwaka 1988, na Tumainieli mwaka 1991. Mwaka 1997 marehemu alisafiri hadi Kasulu, akauliza jina la baba yake sokoni na makanisani, akawapata akina Bitaliho wengi waliomkaribisha na kumchinjia, lakini hakuna aliyemkumbuka Yona, naye aliporudi alimwambia mkewe, "Watu wema sana, lakini si wangu."

Tarehe 21 Aprili 2002 Tumainieli alifariki kwa homa ya uti wa mgongo, na Mzee Sifael alikwishachimbisha kaburi la mjukuu wake katika shamba la ukoo, lakini mvua za masika zilikuwa zimeangusha mlima barabarani, gari lisingeweza kupita, mtoto akazikwa hapa, katika makaburi haya ya Same. Baba yake alilijengea kaburi hilo mwenyewe, asikubali fundi mwingine ashike mwiko, na tangu hapo kila Jumapili baada ya ibada alikuja hapa, na alipoona msalaba wa mtu mwingine umelala, aliusimamisha.

Alianza kukohoa mwaka 2021, akatibiwa Same, kisha Moshi, na ilipoonekana kwamba mapafu yamechoka, ukoo wa Kajiru ulikaa na kumpa nafasi ya kuzikwa Vudee, kando ya kaburi la Mzee Sifael mwenyewe, jambo ambalo kwetu hapewi mkwe. Marehemu alishukuru sana, akakataa. Dada alilia, akamgombeza, maana yeye tangu utotoni alijua atalala mlimani na wazazi wake, na mwishowe akamwuliza kwa nini anakataa heshima aliyoitafuta maisha yake yote. Alimjibu akiwa ameegemea mto, pumzi ikikatika, "Mama Anderson, mimi nikilala mlimani, huyu mtoto huku chini atabaki na nani?" Dada anasema alinyanyuka akaenda kumpikia uji.

Alifariki tarehe 9 Februari 2024, saa nne asubuhi, nyumbani kwake, mkewe akiwa amemshika mkono, ameacha mjane, watoto wawili na wajukuu wanne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Same na Moshi, majirani waliokesha nasi, watoto wa marehemu Salehe waliokuja kama ndugu wa tumbo moja, na mafundi wenzake waliochimba na kujengea kaburi hili bila kuitwa. Mtaona kwamba upande wake wa kulia yupo Tumainieli. Mama Rahabu ameagiza kwamba upande wa kushoto asizikwe mtu mwingine, na wazee wa Vudee wamekubali.

Lala, shemeji, pumzika kwa amani, upo kwenu.