Hapo Mbele Anakaa Nani?

Jumanne, tarehe kumi na nne Januari, saa nne na robo asubuhi: ndipo gari la marehemu ndugu yangu Abdiwahab lilipoacha kumisi, yaani injini kukatika moto. Lilikuwa limekohoa miezi mitatu, na mnunuzi kutoka Tarbaj alikuwa anakuja adhuhuri hiyo kulichukua. Nilikwisha kumwambia Sahro, mjane wa ndugu yangu, kwamba sina njia nyingine. Gari hilo huleta maziwa ya ngamia kutoka Balambala, na maziwa yakikwama juani njiani humwagwa. Basi nililiegesha mbele ya benchi la Ramlo muuza kahawa, hapa Garissa, bado likitetemeka, nikaketi na wale wawili wa kila siku. Mzee Alio tunamwita Kabureta, kwa sababu haamini gari lisilo na kabureta. Issack, fundi wa umeme, tunamwita Skana, kwa ile mashine yake ya kusoma makosa ya injini.

— Maalim, leo pia? akauliza Skana.

— Leo pia. Kutoka mtoni mpaka hapa, kikohozi tu.

— Na nikiipima saa sita inanguruma kama simba! Plagi nimebadilisha, betri nimebadilisha. Leo mashine inasema silinda namba mbili, kesho inasema hakuna kitu. Hii gari ni mwongo, walahi.

— Mwongo ni mashine yako, akasema Kabureta. Mwacha mila ni mtumwa. Rudisheni kabureta.

— Adeer, ami yangu, mila na injini wapi na wapi?

— Nyamaza, kunywa kahawa. Halafu kuna minara ya simu. Mnara inavuta moto ya plagi.

— Kwani mnara ina kiu?

— Inavuta kidogo kidogo! Haba na haba hujaza kibaba.

Ramlo akainua birika.

— Acheni minara. Ngamia jike hateremshi maziwa kwa mkono asioujua. Hiyo gari inamtafuta Abdiwahab.

Mimi nikatazama kikombe changu.

— Basi isomewe Kurani, akasema Kabureta kwa sauti ya chini.

— Nimelisomea kila alfajiri, nikasema.

— Ulisomea injini au usukani?

Kabla sijajibu, alifika mwanamke tusiyemjua, akichechemea.

— Assalaamu aleykum. Hii ndiyo gari ya Balambala?

— Ndiyo, walaal, dada yangu, Mungu akipenda.

— Mimi Weris. Goti langu ni mbaya, nyuma siwezi kujikunja. Hapo mbele anakaa nani?

Kabureta alimtazama Skana, Skana akanitazama mimi.

Kiti kile kilikuwa cha ndugu yangu. Yeye mwenye gari, mimi dereva, miaka kumi na moja bega kwa bega. Tangu tumzike, miezi mitatu iliyopita, sijamruhusu mtu akikalie. Lakini kukiona kitupu pia sikuweza. Kwa hiyo kila alfajiri nilifunga hapo mtungi mkubwa wa maziwa, nikauzungushia gunia nililolilowesha mtoni ili maziwa yasichachuke, kama tunavyofanya sote. Marehemu mitungi yake yote aliiweka nyuma.

— Maziwa, nikasema mwishowe. Hapo panakaa maziwa.

— Na gunia? akauliza Skana polepole.

— Na gunia. Lenye maji.

Skana aliruka, kahawa ikamwagika. Injini ya gari hilo iko chini ya viti vya mbele.

Tulitoa mtungi, tukainua kiti. Koili ya silinda ya pili, inayopeleka moto kwenye plagi, ilikuwa imelowa chapachapa, na mpira wake umepasuka. Maji yalikuwa yakidondoka njia nzima. Ikifika saa sita, jua la Garissa limekausha kila kitu, na mashine inasoma gari zima lisilo na ugonjwa.

Skana akaikausha kwa shuka ya Kabureta. Nikawasha: likatulia. Akaimwagia maji kidogo: likakohoa. Akaikausha tena, akafunga mpira mpya, na Kabureta mwenyewe akamimina glasi nzima juu yake. Injini haikutikisika.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone! akapiga kelele Kabureta.

Benchi zima likashangaa. Miaka yote hiyo, ndiyo methali yake ya kwanza kukaa mahali pake.

— Ramlo, kahawa kwa wote! nikaagiza.

— Imekwisha, akasema Ramlo, akipangusa macho kwa ncha ya shela.

Nikampigia Sahro, nikamwambia gari haliuzwi. Alilia, akacheka, kisha akauliza kama nimekula. Mnunuzi nilimpigia baadaye.

Tukashusha maziwa, na mitungi mitupu yote ikaenda nyuma. Nikamfungulia Weris mlango wa mbele. Akasema bismillahi, akaketi, akanyoosha goti lake, nasi tukaondoka bila kikohozi hata kimoja.

Ee Mola, msamehe ndugu yangu Abdiwahab. Mpanulie kaburi lake, ulitie nuru, na umpe kwako makao yaliyo bora kuliko kiti alichotuachia. Amin.