Nilisingizia Ukoo Wetu Mashetani Ili Kuficha Ndege

Bwana apewe sifa, kanisa! Nawasalimu mlio ndani, na leo nawasalimu na walio nje, maana nimeomba spika za nje ziachwe zinasema. Naitwa Bosko, wa stationari ile jirani na stendi. Wengi wenu nimewatolea kopi za vyeti na kuwapiga picha za pasipoti, kwa hiyo sura yangu mnaijua.

Ndugu zangu, hii ni mara yangu ya pili kushuhudia mbele yenu. Kabla ya mavuno ya ufuta nilisimama hapa hapa nikasema Mungu amenitoa mashetani. Mlipiga vigelegele! Mama mmoja alilia, akavua kitenge chake akanifunika mabegani. Ndugu zangu, sikuwa na mashetani. Nilianguka kwa makusudi, tena kabla ya kuanguka nilichungulia nikachagua upande usio na benchi. Nimekuja kusema kweli, na aibu niliyo nayo asubuhi hii sijui niiweke wapi.

Nilichokuwa naficha ni mchezo. Mchezo wa kompyuta, wa kurusha ndege za kivita. Najua wengine mnataka kucheka, chekeni tu. Lakini msidhani ni ule wa kwenye simu, wa kubonyeza kidole ndege ikaruka. Huu umetengenezwa kama kitu chenyewe. Unakaa mbele ya kioo, umeshika fimbo ya rubani, umevaa hedifoni, na ndege haiwaki mpaka umefuata utaratibu wote: betri, mafuta, injini ya kulia, usikilize inavyopanda, ndipo ya kushoto. Ukiruka hatua moja, unabaki chini unaduwaa. Kitabu chake cha maelekezo nilikichapisha mwenyewe pale stationari, nikakifunga kwa jalada gumu. Kilikuwa kinene kuliko Biblia yangu, na kilichakaa kuliko Biblia yangu. Mungu anisamehe!

Nilijifunza kujaza mafuta angani nyuma ya ndege nyingine, mkono ukitoka jasho, pua ya ndege yangu ikicheza karibu na bomba. Nilijifunza kumsaka adui kwenye rada, kusikia mlio wa kombora likinifuata, kumwaga vimoto vya kulipotosha, kukata kona kali mpaka kioo kikawa cheusi pembeni kama macho ya mtu anayetaka kuzimia. Nilikuwa hodari. Lazima niseme hivyo, maana dhambi yangu imeota hapo hapo kwenye uhodari. Mimi niliyeshindwa chuo nikarudi Nachingwea kutoa kopi, kule angani watu wa nchi za mbali walikuwa wakiniita kwa heshima.

Kila Jumamosi alasiri tuliruka pamoja kwa mtandao. Kiongozi wetu alikuwa mzee mmoja wa Ureno, mpole, hajawahi kupandisha sauti. Mimi nilikuwa namba mbili wake. Kazi ya namba mbili ni moja: kulinda mgongo wa kiongozi. Nami, ndugu zangu, sikuwahi kumwacha. Bando liishe, umeme ukatike, nilikuwa na betri ya sola tayari, na simu ya pili tayari. Mzee wa watu sijawahi hata kumwona uso.

Sasa sikilizeni nilivyomfanyia dada yangu wa tumbo moja.

Kwetu ni mchanganyiko, kama nyumba nyingi za huku. Mama yetu alikuwa Mwislamu na baba Mkristo. Dada Fatu akashika dini ya mama, mimi ya baba, na tumekula chungu kimoja Idi na Krismasi. Dada ameolewa Nandagala, ana binti mmoja, Somoe. Na ninyi Wamwera wenzangu mnajua: baba wa binti tunamheshimu, lakini posa ikija, neno la kupokea ni la mjomba. Mjomba asiposema, hakuna kilichofanyika. Mjomba wa Somoe ni mmoja tu. Ni mimi.

Posa ilitoka Matambarale. Kijana ni Selemani, fundi seremala, mtu wa haya, na Somoe alikuwa anampenda waziwazi. Walipanga kuja kwangu Nachingwea siku ya Jumamosi, na mimi mwenyewe nilikubali, nikijiambia nitamaliza kuruka kabla hawajafika. Dada na Somoe walikuja mapema wakapika. Nyumba ilinukia wali wa nazi mpaka barabarani. Mimi nikajifungia chumbani, nikatia komeo.

Wageni wakafika. Niliwasikia, ndugu zangu! Nilisikia pikipiki zinazimwa, nikasikia hodi, nikasikia dada anakaribisha watu kwenye mikeka. Dada akaja mlangoni.

"Bosko, mdogo wangu, wakwe wamekaa."

"Nakuja, dada."

Sikwenda. Tulikuwa tumeingia anga ya adui. Dada akarudi tena, akarudi tena, na mara ya mwisho alikuwa anaongea kwa kunong'ona, karibu kulia. Sikumjibu kabisa, maana ndege mbili zilikuwa zimemshukia mzee wangu wa Ureno kwa nyuma. Nikazikatia njia. Nikapiga kelele, na ukuta wa nyumba yangu ni mwembamba. Nikasema Kizungu cha redioni, nikachanganya na Kiswahili: "Nyuma yako! Nyuma yako! Nimemshika huyu! Anaungua! Mwache afe!" Nilipiga meza. Nilicheka kwa nguvu.

Nilipotoka, shati limelowa, macho mekundu, watu wote walikuwa wameugeukia mlango wangu. Wali ulikuwa umefunikwa, haujaguswa. Mjomba wa kijana, Mzee Saidi, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe, aliniangalia kwa utulivu.

"Bwana mjomba, ulikuwa na nani humo ndani?"

Hapo ndipo pa kusema. Ningesema, "Wazee wangu, nilikuwa nacheza, nisameheni," wangenuna, wangenitoza faini ya mbuzi, jioni tungekuwa tunacheka. Lakini nilijitazama: mwanaume mwenye mvi za kwanza, mjomba wa binti, wakwe wamekaa kwenye mkeka na mimi nacheza. Nikaona aibu kulitamka. Mgonjwa huonewa huruma, nikawaza hivyo, ndugu zangu, niliwaza kabisa, haikuniponyoka.

Nikasema, "Sikuwa na mtu, mzee. Huwa inanijia tu."

Tena nikalegeza mdomo kama mtu aliyepagawa. Dada yangu alishika kichwa. Yeye mchezo huo hakuwahi kuuona wala kuusikia, akaniamini. Wageni wakaamka taratibu, wakasema watarudi mgonjwa akipata nafuu. Somoe alikuwa mlango wa jikoni na kanga mpya, hakuna aliyemtazama.

Habari kwamba nina mashetani ikafika kanisani. Mchungaji wetu, mtumishi mwema, akaja nyumbani kuniombea, na uongo wangu ukahitaji kulishwa. Jumapili nikaletwa hapa mbele. Nikatetemeka, nikaanguka, nikaamka nimefunguliwa. Spika za nje zilikuwa zinasema kama leo. Mchungaji akaniuliza mashetani hao walitoka wapi. Nikajibu bila kufikiri, ili tu jibu lipatikane: "Ni wa ukoo. Upande wa mama."

Upande wa mama! Ndio upande wa Somoe. Nilikuwa nimechukua aibu yangu nikaipaka kwa mama yetu aliyelala kaburini, kwa dada, na kwa mtoto wa dada. Maneno yale yalifika Matambarale kabla sijafika nyumbani kunywa chai. Mshenga akarudi Nandagala kuvunja posa. Alisema kwa upole, familia inaogopa kizazi chao kurithi mashetani.

Basi siku moja Somoe akaja stationari. Amekonda. Akasubiri mteja aondoke, akakaa kwenye lile benchi langu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama."

"Mjomba, yalianzaje? Yalianza na kuumwa kichwa? Maana mimi nimeanza kuumwa kichwa."

Akanieleza kwamba mama yake amempeleka kwa mganga. Amefukizwa moshi amefunikwa shuka, amekohoa mpaka akatapika. Mganga amesema bado, arudi tena. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo kabisa kama wakati ule wa mashetani nilikuwa najua ninachofanya, au mtu anaweza kuua mtoto wake bila kujua. Binti mzima wa afya, ndugu zangu, anaogopa mikono yake mwenyewe. Na mimi nikamwambia nini? Nikamwambia, "Mungu ni mwema, utapona." Nikampa nauli ya kurudi.

Ilikuwa Jumamosi. Alipoondoka, nilifunga stationari nikaenda kuruka. Ndiyo. Kipande hiki nimetamani kukiruka tangu nilipoamka, na Roho amenikataza.

Siku ile nilikuwa hewani mwili tu. Mzee wa Ureno alidunguliwa, na mimi nilikuwa mbali, natazama mawingu. Sasa wale watu wana desturi yao. Mkishatua, mnakaa mnasikilizana. Kila safari inajirekodi yenyewe, picha na sauti, kwa hiyo hakuna wa kudanganya. Kila mmoja anataja kosa lake kwa maneno machache, bila kujitetea, basi yamekwisha. Mimi nilikuwa mzuri sana katika hilo! Kwa watu nisiowajua nilikuwa mkweli kama malaika.

Mzee akaniuliza, "Namba mbili, ulikuwa wapi?"

Nikafungua mdomo niseme kosa la rada, badala yake nikalia. Nikawaeleza yote, kwa Kizungu changu cha kuunga: posa, ukuta, mkeka, kuanguka kanisani, moshi, swali la Somoe. Nilisubiri wanifariji. Yule mzee akauliza jambo moja tu, kwa upole ule ule.

"Kwa nini unatuambia sisi?"

Ndugu zangu, Mungu wetu hashindwi na chombo! Nimesikia mahubiri mengi humu, lakini siku ile Bwana alinisemesha kwa kinywa cha mtu asiyenijua, kwenye hedifoni, katikati ya upuuzi wangu. Nilivua ile hedifoni nikapiga magoti kwenye saruji. Sikutetemeka. Sikuanguka. Hapakuwa na mtu wa kunitazama. Nilisema tu, "Bwana, mimi ni mwongo, nitoe," na nikajua kutolewa kwenyewe ni kuinuka niende Nandagala.

Nilimkuta dada anapepeta ufuta uani. Nikamwambia nikiwa nimesimama. Hakunipiga, afadhali angenipiga. Aliweka ungo chini, akasema, "Mwanangu amekohoa mbele ya macho yangu, Bosko, nikamshikilia shuka kwa mikono hii. Na wewe ulikuwa unajua." Kisha akaingia ndani. Somoe alitoka yeye. Nilimwambia hana kitu, hajawahi kuwa na kitu. Akakaa chini kwenye vumbi akashusha pumzi, na machozi yakamtoka bila sauti.

Nikaenda Matambarale. Ile rekodi ya siku ya posa ilikuwepo, nikaiweka kwenye simu, nikamwekea Mzee Saidi mbele ya nduguze. Wakaona ndege, wakasikia sauti yangu, ile ile waliyoisikia kupitia ukutani. Vijana wakaangua kicheko. Mzee hakucheka.

"Kumbe ulikuwa mzima."

"Nilikuwa mzima, mzee."

"Na ulitusikia tumekaa."

"Niliwasikia."

"Basi afadhali ungekuwa mgonjwa," akasema.

Kisha akaniambia kwamba yale ya kwanza niliyasema kwenye spika, na haya niyaseme kwenye spika, na yeye atakuja kusikiliza. Nimeambiwa yuko nje kwenye kivuli cha ukuta, na kijana wake yupo. Mzee, shikamoo. Asante kwa kuja.

Wengine mnasubiri niseme nimeichoma kompyuta. Sijaichoma, haikumdanganya mtu. Iko stationari inachapa barua zenu. Fimbo na kile kitabu nimempelekea dada, akavitupa stoo bila kuuliza ni nini. Jumamosi alasiri mikono yangu bado inatafuta cha kushika, siwafichi, niombeeni. Dada bado hajala kwangu. Somoe ameacha kwenda kwa mganga, analala vizuri. Kuhusu Selemani, binti aliniambia hivi: "Mjomba, wewe safisha jina. Kama bado ninamtaka aliyeniacha, nitasema mwenyewe." Namshukuru Mungu kwa mdomo wa binti huyo.

Ndugu zangu, kama umo humu na ushuhuda wako una uongo ndani yake, usiogope kuja hapa mbele. Mtumaini Bwana. Anapokea hata mtu aliyekwisha kujidai amepokelewa. Mimi ni mfano, mnaniona.

Msinipigie vigelegele, nawaomba. Ibada ikiisha nitasimama mlangoni mnapotoka. Anayetaka kuniuliza aniulize, anayetaka kunicheka anicheke usoni. Lakini ukifika nyumbani, mwambie jirani yako, na yeye amwambie wa Chiola, na wa Chiola amwambie wa Ruangwa, kama lile la kwanza lilivyotembea: Somoe ni mzima, mama yake ni mzima, bibi yake aliyelala alikuwa mzima. Mwongo alikuwa mjomba. Amina.