Mkasi wa Mstari wa Tatu

Sogezeni viti, wanangu, na wewe mkwe wangu usisimame mlangoni kama uko kazini, hapa hakuna mtu wa kupekuliwa. Niongezeeni mto mgongoni. Hapo hapo. Nina maneno ya kuwaachia na pumzi ya kuyasema ni kidogo, kwa hiyo anayetaka kulia alie baadaye, na anayetaka kuuliza asubiri nife kwanza ndipo nimjibu.

Na fungeni dirisha hilo. Halifungiki? Tangu lini? Haya, nitasema chinichini, maana mnajua ni nani amekaa chini yake na karai lake la maharage, kama anavyokaa kila alasiri tangu nilipolala hapa.

Tuanze na mikebe. Nikifumba macho mnadhani nimelala, na mmoja wenu, simtaji, ila ana mikono minene ya kushika usukani wa lori, amekuwa akiinama chini ya kitanda hiki, anainyanyua mikebe yangu mmoja mmoja kupima uzito, halafu anahema. Baba, hakuna dhahabu. Najua mtaani wanasema bibi kizee amepata dhahabu kwenye magofu ya mgodini, na najua uvumi huo ndio uliowakumbusha njia ya kuja kunisalimia, na kila mliyekuja alikuja na sukari. Sikukanusha. Nilifurahi kuwaona, na chai ilikuwa tamu.

Mkebe wa kwanza ni misumari. Wa pili ni vizibo vya chupa kutoka pale palipokuwa klabu ya wafanyakazi, na mkiviona vilivyo vingi mtaelewa kwa nini mgodi ulifungwa. Wa tatu una vijiko, vifungo vya mikanda, beji za namba, na funguo kumi na saba za milango ambayo haipo tena. Huo wa tatu nampa mwanangu mwalimu, awaonyeshe wanafunzi wake, awaambie kwamba mji nao hufa, tena haraka. Sisi tulipewa siku mbili. Jumatatu tulikuwa na mistari sita ya nyumba, bomba moja kila mstari, duka, zahanati na kengele ya zamu. Jumatano yalibaki makuta, kwa sababu hata mabati walituezulia tukiwa bado tunafunga mizigo ndani. Dereva wangu, wewe ulikuwa na miaka minne, ukakaa juu ya godoro unaangalia mbingu pale dari ilipokuwa, ukaniuliza, "Mama, nani amefungua nyumba?"

Mashine yangu mnaijua. Mkwe wangu huyu, walipoletewa vifaa vipya getini anakolinda, aliokota kile kidude cha zamani cha kupitisha mwilini mwa watu, kinacholia kikikuta chuma, akaniletea nikitumie kutafuta sindano zinazoniangukia sakafuni, maana macho yalishaanza kunisaliti na nyayo zake zilishachomwa mara mbili. Nikakifunga kwenye mpini wa ufagio, nikakiita Mdakuzi. Siku moja nikiinama kutafuta sindano nikajiambia, kama kinaona sindano chini ya zulia, kitaona nini chini ya ua wangu wa zamani? Ndipo nikakuomba wewe dereva unipeleke, ukakubali upesi ukidhani naenda kuzuru makaburi. Ulipogeuka ukaniona katikati ya majani, nimeinamia ufagio unaolia kama mtoto mwenye njaa, ukampigia simu dada yako ukamwambia, "Mama amemaliza akili." Nilikusikia. Masikio hayajanisaliti mpaka leo.

Mdakuzi namrudishia mkwe wangu. Wakati mwingine analia bila sababu, lakini hilo siyo kosa la kumtupia mtu nje, nami nimeishi vizuri na baba yenu.

Sasa sikilizeni kwa makini, maana haya mengine yote nilikuwa nayazungushia.

Mnajua kwamba mimi na jirani, huyo wa hapo nje, hatusemeshani, na mmekua mkidhani ni mambo ya wanawake na ua. Ni mkasi. Mstari wa Tatu ulikuwa na mafundi cherehani wawili, mimi na yeye, nyumba zikitazamana. Mimi nilikuwa na mkasi mkubwa wa fundi, mzito, wenye makali ya kukata suruali nne kwa pamoja, na yeye alikuwa nao wa kukatia karatasi, kwa hiyo alikuwa akiuazima wangu. Nilimwita Mama Mshazari, kwa sababu ukimpa kitambaa akate, anaanza hapa na kumalizia kwa jirani. Alilijua jina hilo, akalivumilia. Tulikuwa marafiki.

Wiki ile ya kuhama alikuja kuuazima. Siku ya malori natafuta mkasi, hakuna. Nikamfuata bombani, watu wote wamepanga foleni ya maji ya safari, nikamwambia anirudishie. Akasema, "Nimempa mumeo mkononi, dada." Nikamgeukia baba yenu. Baba yenu alikuwa amesimama karibu na mlinzi wa kampuni, akakohoa. Nikamuuliza tena. Akakohoa tena, akasema hakumbuki. Nikamtazama huyu mwanamke, uso umemshuka, na mimi nikaona huo ni ushahidi wa kutosha, nikasema mbele ya bomba zima, kwa sauti mnayoijua, "Mwizi!"

Hakunitukana. Alitua ndoo yake akaniambia, "Sitavuka kizingiti chako mpaka neno hilo ulitoe kwa mdomo ule ule, mbele ya watu, kama ulivyoliingiza."

Tukapakiwa, tukatawanywa, na ofisi iliyogawa viwanja vya mji huu ikatupa ukuta mmoja, yeye upande ule, mimi huku. Miaka arobaini na moja. Baba yenu alipofariki alikaa nje juu ya ndoo iliyofudikizwa siku zote za msiba, akapika, akaosha vyombo, hakuingia. Wewe mwalimu ulipojifungua, nguo za mtoto zilipitia dirisha hilo hilo lisilofungika. Zilikuwa zimekwenda upande, lakini zilikuwa za joto.

Niinueni kidogo. Maji.

Miaka tisa iliyopita, Mdakuzi alilia kwenye jiwe nililokuwa nikifulia, pale uani kwetu Mstari wa Tatu. Mvua ilikuwa imekula udongo wote kando yake. Nikachimba kwa kijiko, kina cha kiganja kimoja tu, nikakuta fundo la shati. Shati la baba yenu, lile la milia, lenye kiraka nilichokitia mwenyewe. Ndani yake mkasi, umepakwa mafuta, hauna hata kutu ya maana.

Hapo nikaelewa kikohozi. Kampuni ilikuwa imetangaza kwamba chuma chochote kisicho na risiti ni mali yake, na atakayekamatwa anaficha hapandi lori. Baba yenu alipokea mkasi, akauzika ili uniokokee, akidhani tutarudi kuuchukua baada ya mwezi. Hakuniambia kwa sababu alijua nikiijua siri asubuhi, mchana inafika Mstari wa Sita. Bombani hakuweza kusema, mlinzi yuko begani kwake. Tulipofika huku angeweza kusema, lakini nilikuwa nimeshalitangaza neno mpaka kwa watu wasiomjua, na yule mwanaume, aliyeshuka shimoni miaka ishirini chini ya mawe yanayolia, aliniogopa mimi. Nilimkasirikia siku mbili nzima, namsema na shati lake. Siku ya tatu nikauficha mkasi ndani ya cherehani, nikapita mbele ya mlango wa jirani, nikakohoa.

Miaka tisa nakohoa, wanangu. Kila asubuhi najiambia leo, kila jioni najiambia kesho. Ndiyo maana siwezi kumlaumu marehemu. Kosa lake nimelivaa mwenyewe, nikaona jinsi lilivyo rahisi kuvaa na gumu kuvua.

Mnasikia? Maharage yamenyamaza. Tangu nilipotaja bomba sijasikia punje hata moja ikigonga karai.

Basi hakuna haja ya kunong'ona. Mwalimu, vuta pazia. Dereva, nenda kwenye cherehani, fungua droo ya kushoto, toa hilo fundo. Lishike juu, lionekane dirishani. Nyote ni mashahidi. Jirani! Hukuiba. Mkasi ulimpa mume wangu mkononi kama ulivyosema, naye aliuzika. Nimejua kwa miaka tisa, nikanyamaza kwa woga. Neno lile nalitoa, kwa mdomo huu huu.

Amesemaje? Nirudie? Anasema nilimwita mwizi bomba zima likasikia, na sasa namsafisha kwa sauti ya mbu. Ana haki. Nipeni mkono, nikae. HUKUIBA, DADA! HUKUWA MWIZI! Nisamehe!

Acheni, acheni, ni kifua tu. Huyo nani anavua viatu? Mkwe, toka mlangoni mtu apite.

Umezeeka. Kumbe dirisha linapunguza miaka. Kaa hapa kitandani, weka karai chini. Mbona unalia, si nimeshasema? Unasema nini? Sema kwa sauti, na wewe.

Sikieni maajabu. Anasema mkasi hakuiba, ila kopo langu la mafuta ya cherehani aliliiba. Siku ile ile. Lilikuwa kiunoni mwake pale bombani, ndiyo maana uso ulimshuka. Alidhani natafuta kopo.

Mwizi! Nilijua! Niliwaambia! Miaka arobaini na moja mnaniona mwenye roho mbaya, kumbe nilikosea kitu tu, mtu sikumkosea! Ah, msinichekeshe, mbavu zinauma. Cheka na wewe, dada. Cheka. Hata lile kopo lilikuwa limebaki na matone matatu.

Sasa niacheni nimalize, sauti inaondoka. Cherehani ni ya mwalimu. Nyumba ni yenu nyote, msiigawe kwa kamba. Mwanangu dereva, msumari mmoja mmoja urudishe kule magofuni, ndiko kwao. Na ninyi wote, mkijua jambo linalomsafisha mtu, lisemeni siku hiyo hiyo, msisubiri kifua kiwe kama changu. Mungu awape watoto wanaokuja hata pasipo na uvumi wa dhahabu. Awape majirani wa kuwalilia. Awafungulie, kama ile nyumba... awafungulie juu, muone mbingu.

Mkasi ni wako, dada. Sandukuni kuna kitambaa cheupe, changu, cha safari ya mwisho, sijakikata. Kikate wewe. Hapa, sasa, nikuone. Mwalimu, mtandikie.

Shika vizuri. Siyo hivyo... anzia kwenye pindo.

Taratibu. Nyoosha mkono, dada. Nyoosha...

Ah. Basi. Hata hivyo kitanitosha.