Mikono Mfukoni: Miaka Thelathini na Minne ya Mpigapicha Wetu

Binti yangu anastaafu tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na minne ya kulipigia picha gazeti hili, na hajatokea wa kumfikia. Sasa ndiyo niwasalimu: hamjambo nyote, wa ghorofa ya juu na wa mitamboni. Mhariri kaniomba niandike mimi kwa kuwa, anasema, wenzake wote wanamwogopa. Mimi simwogopi, nilimnyonyesha. Na nyinyi niliwapikia chai miaka kumi na mmoja hapo hapo ofisini, kwa hiyo nayajua ya nyumbani na ya kazini.

Alianza na kamera ya kuazima kwa mjomba wake. Bafu letu aliligeuza chumba cha kusafishia picha, dirisha kaziba kwa blanketi, mabeseni yote yamejaa dawa. Marehemu baba yake alioga kwa jirani wiki nzima bila kulalamika, ila huko kwa jirani alilalamika sana. Harusi ya kwanza aliyopiga, bwana harusi alitokea hana kichwa katika picha sita.

Gazeti lilipomchukua, likawa linamtuma penye misiba ya watu: mafuriko, ajali, majengo yaliyoporomoka. Picha zake zilikuwa nzuri mpaka nikamuuliza, kwa nini kilio cha mtu kipendeze hivi? Akanijibu, "Mama, ikiwa mbaya watafunua ukurasa mwingine."

Kosa lake nalo nitalisema, maana kaniapisha niliseme. Mwaka wake wa saba kazini, mtaa wa mafundi cherehani uliungua. Njiani, katikati ya vyombo vilivyookolewa, aliona pasi ya mkaa. Akaibeba hatua kumi, akaiweka mlangoni kwa fundi mmoja wa kike, pale mwanga ulipoangukia vizuri. Picha ikatoka ukurasa wa mbele, ikapata tuzo. Mimi niliitundika sebuleni.

Wiki ya tatu akampelekea yule fundi nakala. Alimkuta chini ya turubai na cherehani yake, hana mteja hata mmoja. Mtaa mzima ulikuwa umeiona picha na kukata shauri: kumbe moto ulianzia kwa huyu, si pasi yake hiyo hapo mlangoni? Fundi alimwambia tu, "Dada, hiyo pasi si yangu."

Binti yangu akarudi ofisini saa ile ile, akamtaka mhariri wa wakati huo aandike ukurasa wa mbele kwamba pasi aliisogeza yeye. Mhariri akamwambia atafukuzwa. "Basi nifukuze kesho, leo andika." Tuzo akairudisha. Alisimamishwa kazi miezi mitatu, na miezi hiyo akaitumia kupita nyumba kwa nyumba mtaani kule, mkononi ana picha aliyoipiga kwanza, pasi ikiwa bado njiani. Wateja wa fundi wakarudi mmoja mmoja.

Tangu hapo, penye msiba mikono yake hukaa mfukoni mpaka wakati wa kuinua kamera, ndiyo mkampa hilo jina la Mikono Mfukoni. Nasikia mnamtania eti hata kikombe cha chai hakisogezi mezani. Sawa, tanieni. Kitu kisipokaa vizuri, husogea yeye: atapanda ukuta, atalala kwenye tope, atalisubiri jua mpaka lifike anapolitaka. Hivyo ndivyo alivyopata tuzo nyingine saba. Ambaye hajaziona aje kwangu, nitamwonyesha zote, asiwe na haraka.

Kwenye maonyesho ya kumuaga, mimi na mhariri tulitaka picha ya pasi iachwe. Siku ya furaha, ya nini kujitia doa? Binti yangu akasema bila hiyo hakuna sherehe. Zitundikwe zote mbili, pasi njiani na pasi mlangoni, na iandikwe nani aliisogeza. Tukakubaliana aamue fundi mwenyewe. Nilimpigia simu mimi. Akasema, "Itundikeni, mama. Nitasimama hapo hapo niwaeleze watu." Na gauni la sherehe anamshonea yeye.

Tunamshukuru binti yangu kwa jicho lake na kwa ukweli wake. Apumzike kwa raha na afya, na sasa apate nafasi ya kunipiga picha mimi, maana natokea vizuri. Fundi atakuwa amesimama penye picha zake mbili, na nyote mnatarajiwa: ukumbi wa chini, saa nane mchana, Ijumaa tarehe thelathini.