Ngazi Ishirini na Sita za Mama Marcelina

Tarehe 30 Juni mwaka huu Mama Marcelina Bitaliho anastaafu, baada ya kuitumikia hospitali yetu miaka thelathini na minne. Na kutuchosha miaka hiyohiyo, tusidanganyane kwenye karatasi ya sherehe.

Alianza akiwa muuguzi wa wodi ya wazazi, baadaye akapelekwa kusomea kipimo cha moyo kwa ultrasaundi. Akarudi na cheti na ubishi. Mashine yake iko juu, ngazi ishirini na sita, na lifti hatujawahi kuwa nayo. Mgonjwa akipanda, Mama amesimama kule juu, mikono kiunoni. Atakusalimia vizuri tu, "Mwakeye," lakini macho yako kifuani kwako. Ukitua njiani, ameshaandika.

Ugomvi wake mkubwa ni wagonjwa wa ini. Huku ziwani kichocho kimeharibu maini ya wengi, na wachache hupata nafasi ya kwenda nje kuwekewa ini jingine. Daktari akijaza fomu bila kipimo cha moyo, fomu inarudi. Akiileta tena, inarudi tena. Yuko daktari mmoja alikuwa akimwona Mama kwenye korido anajificha famasi!

Ini na moyo wapi na wapi? Swali hilo nimelisikia mlangoni pale mpaka basi. Na jibu ni lilelile: ini likijaa makovu, kwa baadhi ya watu mishipa ya mapafu nayo inabana, na moyo unasukuma damu kama mtu anayepandisha baiskeli yenye mikungu mitatu ya ndizi kwenda Kalinzi. Ukimpasua mtu huyo bila kujua, ini jipya litaingia na moyo utagoma palepale mezani.

Mwaka jana akaja Mwalimu Elikana wa Ujiji. Tiketi ipo, dada yake Scola amekubali kumkatia kipande cha ini lake, shangazi wameshalia na kumuaga. Imebaki sahihi ya Mama tu. Kwenye ngazi ya kumi na moja mwalimu akainama kufunga kamba za viatu. Miguuni alikuwa na kandambili.

"Mama, safari ni Jumatatu!" Scola akaja juu. "Anachoka kwa sababu ya tumbo, kila mtu anajua."

"Kila mtu hana mashine. Panda kitandani, mwalimu."

Presha ya mapafu ilikuwa juu mno. Dar es Salaam wakampitisha mrija mpaka kwenye moyo, wakasema ni kweli. Safari ikafutwa, na sisi tukatukanwa wote. Scola alimkuta Mama pale Kibirizi, akamgeuzia mgongo mbele ya wauza dagaa. Mama akanunua dagaa wake, akarudi kutugombeza kwamba mashine ina vumbi.

Zikawa siku za vidonge, na kipimo kila miezi mitatu. Kila mtu aliogopa jambo moja: je, presha itashuka kabla ini halijaisha? Mara ya kwanza haikushuka. Mara ya pili kidogo tu.

Mwezi wa nne mwaka huu mwalimu akapanda ngazi zote bila kutua. Tukapiga vigelegele. Mama akamwambia ashuke, apande tena. Jamani! Akapanda tena. Presha imeshuka, na Dar wakakubali. Mama akasaini. Mchana Scola alirudi na samaki, migebuka sita, akaiweka mezani, akaushika mkono wa Mama asiuachie.

Mimi nilipotoka likizo ya uzazi, Mama alinipa kiti chake ninyonyeshe katikati ya wagonjwa. Nikadhani ni huruma. Kumbe kiti kinaangalia ngazi! Mwanangu amenyonya huku mama yake anafundishwa kuhesabu pumzi za watu.

Sherehe ni ukumbi wa juu. Pandeni taratibu, atakuwa amesimama palepale.

Mama, asante kwa kutusumbua. Mwalimu na Scola wanasafiri tarehe 4 Julai, wewe ukiwa Kalinzi shambani kwenye kahawa yako. Usizime simu. Mwalimu akitoka chumba cha upasuaji tutakupigia kabla ya shangazi zake. Kapumzike ukiwa na afya njema, ngazi tutazihesabu sisi.

Winfrida Gervasi, mhudumu, chumba cha kipimo cha moyo