Ngozi Iliyozoea Simiti

Kwenye foleni ya basi la Karen, karibu na River Road, Nashon, fundi wa mjengo, alimwonyesha mama aliyesimama mbele yake viganja vilivyopasuka. "Ni simiti, sista. Nimezoea. Ngozi imekomaa, siku hizi hata haiumi."

Mama huyo, Maurine, alikuwa nesi wa kliniki ya ngozi. "Haijakomaa. Iko na uvimbe wa ndani miaka mingi. Kila ikijitengeneza inaongeza ovyo nyuzi za kolajeni, zile zinazoshikilia ngozi, inakuwa nene, inakaza. Ukiendelea hivyo, vidole havitakunjika kushika mwiko."

"Nikiacha simiti, watoto watakula nini?"

"Sijasema uache. Vaa glavu, na upake dawa hata siku haiwashi."

"Glavu? Vijana wa mjengo watanicheka mpaka nihame Woodley!"

Mimi, niliyesimama nyuma yao, ninayejikuna shingo tangu Januari, nikainua kola polepole. Maurine akageuka. "Na wewe, mzee?"

"Mbu," nikasema, saa saba mchana.

Basi likafika. Nashon akapanda akiendelea kubisha. Kiti kilichobaki kilikuwa kando ya nesi. Nikasema nitangoja lingine.