Kikwembe ya Kilio

Mu taxi-bus ya Bel-Air, kijana mumoja mbele yangu alikuwa anaelezea mama mwenye alikaa pembeni yake: "Docteur anasema mama yangu iko na kansere ya maziba, ku kifua. Famille ikakutana paka siku ile ile." "Juu ya dawa?" mama akauliza. "Hapana. Batantine, badada yake, balikuya kuchagula kikwembe ya kilio, kitambaa ya famille yote kuvaa ku maziko." "Aba! Na mufu alikuwa wapi?" "Ku jikoni. Alikuwa anabapikia bukari."

Nilipenda ile famille, bantu ba programme. Kutafuta docteur ya pili tu, njo balikosa wakati.

Mama akashika kikwembe yake ya bleu. "Hii, bandugu yangu balichagula juu ya kilio yangu. Kansere ile ile. Sasa iko mwaka ya sita, ninaivaa paka kwenda nayo ku soko."

"Lakini si bote banapona, mama."

"Si bote. Mama yako anakula?"

"Anakula, na anagombeza kila muntu."

Chauffeur akasimama ku Hewa Bora. Mama akashuka, akageuka ku dirisha: "Mutoto yangu, ambia batantine bachagule ya nguvu. Hii yangu inaanza kupauka."